Mkono Ambao Somo Hausingi

Saa mbili asubuhi, Bi Mwanakheir Pandu anatwanga singo uani kwa Bi Shariffa, mtaa wa Malindi, Unguja. Karafuu, maganda ya pompia, waridi kavu na msandali vinakuwa unga, kisha anavikanda kwa marashi. Harufu imeshafika njiani, na wapitao wanajua kuwa nyumba hii ina bi harusi.

Kazi yake ni usomo. Humfunda mwari mambo ya ndoa, na siku za mwisho humsinga mwili mzima ili ngozi ilainike. Hapa mjini ada ni doti ya kanga na shilingi ishirini. Mashamba hulipwa hata kuku, kwani mkono mtupu haulambwi.

Mwari wa leo ni Thuwaiba, binti wa Bi Shariffa, mwenye miaka kumi na tisa. Mwezi huu wa Machi 1970 alikuwa akifunua mkate wa kumimina, kaa la juu ya mfuniko likamwangukia mgongoni mwa mkono wa kushoto.

Jeraha lilipoanza kufunga, Bi Mwanakheir alilisinga. Desturi haimruhusu kuruka hata kidole, na karafuu anaiamini mno.

"Mafuta ya nazi nkiyatia karafuu hayavundi upesi," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nkaona na ngozi itahifadhika vivyo hivyo."

Kesho yake utando ulikuwa umebanduka na mkono unatoka maji. Thuwaiba alilia. Somo wake alimpeleka hospitali mwenyewe, na huruma imemkaa mpaka leo.

Zahor, muuguzi anayefunga vidonda huko, hakumkemea. Alimweleza kuwa ngozi mpya huota kutoka pembeni ikielekea katikati, nayo hutaka unyevu na utulivu. Karafuu kali huichoma, na kusugua huing'oa.

"Mafuta yamekaa tu chupani, bi mkubwa," alimwambia. "Hii ngozi inaota. Iache iote."

Harusi ni kesho na kidonda bado hakijafunga. Bi Shariffa anatoka chumbani, uso umekunjamana.

"Bi Mwanakheir, mwanangu ataingia ndani na mkono mmoja haukusingwa? Watu wa kule kwa mumewe watasema nini?"

"Watasema somo wake mvivu. Waache waseme."

"Basi ntamwita somo mwengine, Bi Mwanapili."

"Mwite. Lakini akimgusa pale, mkono utaoza, na harusi utaifanyia hospitali."

Somo akitolewa nyumba moja, Malindi nzima hujua kabla ya adhuhuri, na mwaka mzima anaweza asiitwe tena.

"Nnaogopa," Bi Mwanakheir anamwambia mwandishi, waziwazi. Lakini mchi hauweki chini.

Bi Shariffa anautazama mkono wa mwanawe uliofungwa bendeji, kisha anakaa mkekani.

"Haya. Endelea."

Kazi inaendelea: shingo, mabega, miguu, mkono wa kulia. Wa kushoto umelazwa juu ya mto, peke yake. Thuwaiba anauliza, "Somo, ndo nnakuwa nusu bi harusi?"

Bi Mwanakheir anacheka. Kwa desturi, singo huisha siku ya harusi, na hakuna somo anayerudi nayo nyumbani kwa mume. Yeye anakusudia kurudi.

"Bwana Zahor akisema ngozi imekaza, ntakuja nkusinge huo mmoja, polepole," anamwambia. "Mumeo nshamwambia. Siku hiyo chumba changu, yeye akakae barazani."