Mama Kimya, mtabibu asiyesema pole

Saa mbili asubuhi, na Mama Kimya anasukuma kiti. Anakisogeza kushoto, anakitazama, anakirudisha kidogo. Viti ni viwili tu, vya mbao, na hataki vielekeane uso kwa uso, maana mtu akitazamwa sana huanza kusema kile anachodhani mwenzake anataka kusikia. Mlango haufungiki sawasawa, kwa hiyo amekunja kipande cha boksi akakisokomeza chini yake. Nje, foleni ya dirisha la dawa imeshafika kwenye ngazi.

Ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa duka la dawa la hospitali. Sauti ya mhudumu inapenya kama vile hakuna ukuta: "Namba kumi na nne, dirisha la pili." Itaita hivyo kutwa nzima.

"Mtu yuko katikati ya kulia, anasikia namba yake imeitwa, anaondoka," anasema Mama Kimya. "Imeshanitokea. Alirudi na vidonge vyake mkononi, akakaa, akaendelea kulia pale alipoachia."

Jina hilo la Mama Kimya amepewa na wagonjwa. Wafanyakazi wenzake humwita Bubu, ila si mbele yake. Ana miaka hamsini na saba, miguu inayovimba ikifika jioni, na kazi ambayo mumewe, baada ya miaka yote hii, bado huwaeleza majirani kwa kusema, "Yuko hospitali, upande wa mawazo."

Mlangoni pana kibao kilichoandikwa "Ushauri Nasaha". Hajawahi kukipenda. "Watu wanaingia wakitaka ushauri. Niachane naye, nisiachane naye? Nihame, nisihame? Mimi sitoi ushauri. Ningekuwa na ushauri mzuri hivyo ningeanza na wanangu," anasema, wala hacheki.

Anachofanya kinaitwa uchambuzi wa nafsi. Mgonjwa anasema lolote linalomjia kichwani, la maana au la kipuuzi, bila kuchagua, saa nzima, mara moja kwa wiki, kwa miezi mingi. Yeye anasikiliza, na huongea kidogo sana. Anatega sikio pale habari inapokwama: neno linalorudiwarudiwa, mtu anayerukwa kila mara, mzaha unaochomekwa mahali ambapo mwingine angelia. Ni kazi ya kuchosha, nayo haionekani. Ukipita dirishani utaona mama wa makamo amekaa.

Alianza kama muuguzi wa wodi, akapelekwa masomoni, akarudi na cheti na matumaini makubwa. Hospitali ikampa kochi kuukuu la ofisini, kwa kuwa alikuwa amewaambia kwamba katika kazi hii tangu zamani mgonjwa hujilaza.

"Wa kwanza alilala kifudifudi akalegeza mkanda, akijua amekuja kuchomwa sindano," anakumbuka. "Wa pili alinitolea ulimi. Wa tatu, mzee mmoja mpole, alijilaza akakoroma saa nzima. Alipoamka alinishukuru sana, akasema hajawahi kupata daktari kama mimi. Nikaona basi, kochi lirudi ofisini."

Lakini kilichomtesa kuliko kochi ni neno moja dogo. Ni pole.

Kwetu mtu akikwambia amefiwa, unampa pole. Usipompa, huna utu, na wala hakuna haja ya kuandika mengi hapo. Naye, kwa adabu ileile, hukujibu kwamba ameshapoa, na habari huishia hapo, kila mtu akaendelea na safari yake. Mama Kimya analijua hilo vizuri, na ndiyo sababu ndani ya chumba chake neno hilo halitamki.

"Nikisema pole, ninamlazimisha anijibu amepoa. Na hajapoa. Angekuwa amepoa angekuja kwangu kufanya nini?" Anasugua macho kwa kiganja. "Nje ya chumba hiki nasema pole hata kwa anayepiga chafya. Humu ndani nauma ulimi. Miaka yote hii, na bado naona aibu kila siku."

Mwaka jana aibu hiyo ilimpata vibaya. Aliletewa mtu ambaye hapa tutamwita Dereva, kwa kuwa ameridhia habari yake iandikwe mradi jina lisitajwe. Ni mtu wa mwili mkubwa, baba wa watoto wawili, aliyekuwa akiendesha lori la mafuta safari za mbali. Ilifika mahali akawa anakwenda vizuri tu, mara pumzi inakata, mikono inakufa ganzi kwenye usukani, anaegesha kando ya barabara na kubaki hapo hadi mwenzake aje kumchukua. Walimpima moyo wakarudia, ukaonekana mzima. Kazini wakamwondoa kwenye lori, wakampa kazi ya kufungua geti.

Siku ya kwanza Dereva alisema habari yake yote kwa pumzi moja: mke wake alifariki miaka miwili nyuma, wakati yeye yuko safarini. Kisha akanyamaza, akisubiri. Mama Kimya naye akanyamaza.

"Nimekwambia mke wangu amefariki," Dereva alirudia.

"Nimekusikia."

"Sasa hata pole huna?"

Hakujibiwa. Akasimama, akausukuma mlango kwa nguvu hadi kile kipande cha boksi kikaruka, akaenda zake. "Nilisema huyu mama ana roho ngumu," Dereva anasimulia leo. "Nikasema hata adui angenipa pole."

Mama Kimya alibaki kitini saa nzima, kwa sababu saa ile ilikuwa ya Dereva. "Nilijua ninachofanya, na bado nilijiona mshenzi," anasema. "Nilitaka kumkimbilia kwenye foleni nimwambie, baba, pole, pole sana, nenda nyumbani."

Wiki iliyofuata Dereva alirudi, kugombana. Wiki iliyofuata tena, vilevile. Kiti kilikuwa kibaya. Mama alikuwa na uso wa usingizi. Mama alikohoa akimkatiza. Mama hajui kazi, hospitali nzima inajua hajui kazi. Mama Kimya alipokea yote, akisubiri. Katika fani yake jambo hili huitwa uhamisho, neno ambalo kwa mfanyakazi mwingine yeyote wa hospitali humletea homa, maana huja na amri ya kuhama kituo. Kwake lina maana nyingine: mgonjwa ana hasira na mtu asiyeweza kumfikia, anaibeba na kuishusha kwa aliye karibu. Kazi ya aliye karibu ni kutokimbia, na kutorudisha.

"Kusoma darasani kwamba hasira si zako ni rahisi," anasema. "Kutukanwa saa nzima halafu utoke ukapike ni jambo jingine."

Kisha ikatokea bahati mbaya. Mama Kimya aliugua, akalala nyumbani wiki nzima, na aliyetakiwa kumpigia Dereva simu akasahau. Dereva alikuta mlango umefungwa. Aliporudi wiki ya pili hakupiga kelele kama kawaida yake. Alisema kwa sauti ya chini: "Unaondoka bila kusema. Nyie wote mko hivyohivyo."

"Sisi wote kina nani?" Mama Kimya aliuliza. Siku hiyo hakusema neno lingine.

Upande wa pili wa ukuta wagonjwa wawili watatu waliitwa, wakachukua dawa zao, wakaondoka. Dereva alikuwa anaangalia mikono yake.

"Watu wanasema mke wangu ameaga dunia," alisema mwishowe. "Sawa. Dunia aliiaga. Mimi hakuniaga."

Ndipo yakatoka. Mke wake alikuwa anajua ugonjwa wake kwa miezi. Alimwambia dada yake, akamwambia na jirani, lakini mumewe hakumwambia, ili aendeshe akiwa na akili tulivu. Siku Dereva alipoondoka kwa safari ile ya mwisho, mkewe alimpigia pasi shati, akamsindikiza hadi nje, akamwambia safari njema. "Mimi ndiye niliyesindikizwa," Dereva anasema, "kumbe msafiri ni yeye."

Kwa miaka miwili alipewa pole na kila mtu: shemeji, majirani, mabosi, hata polisi wa barabarani waliomzoea. Kwa miaka miwili alijibu ameshapoa, huku ndani anawaka kwa hasira dhidi ya mtu aliyempenda kuliko wote. "Utamwambia nani kwamba umemkasirikia marehemu? Utaonekana mwehu. Mimi mwenyewe nilijiona mwehu." Tangu siku ile usingizi umeanza kumrudia. Mwezi uliopita wamemruhusu kusogeza malori ndani ya yadi. Pumzi bado hukata mara mojamoja, lakini anashuka, anatembea kidogo, anapanda tena.

Basi habari ingekuwa nzuri na fupi, kama si utaratibu mpya.

Miezi mitatu hivi iliyopita ilitangazwa kwamba kuanzia mwezi uliofuata, kila mgonjwa wa kitengo cha Mama Kimya angepata vikao sita, vya nusu saa, na maswali ya kujaza mwanzoni na mwishoni ili ionekane amepona kiasi gani. Aliyepitisha sita, awekewe mwisho. Mkuu wa kitengo ni daktari kijana, umri wa mwanawe wa kwanza, na husimama Mama Kimya anapoingia ofisini.

"Mama, shikamoo. Kaa," alimwambia. "Nina watu zaidi ya mia mbili wanasubiri, na wasikilizaji watatu. Wewe mwaka jana mzima umemaliza na watu wangapi?"

"Unajua wangapi."

"Najua. Sasa niambie nifanyeje."

Swali hilo lilimchosha Mama Kimya kuliko yote. Anakubali kwamba wengi hupata nafuu kwa vikao sita, na kwamba vidonge vinasaidia. Yeye mwenyewe huwapeleka wagonjwa wakapewe. Asiyelala wiki tatu anataka alale leo, habari za utoto wake zitasubiri. "Angekuwa mtu mbaya ningepumua," anasema. "Ningemchukia nikaridhika. Lakini kijana wa watu ana foleni hadi kwenye ngazi, na ana adabu. Nimkasirikie nani?"

Alikuwa na wagonjwa watano wa muda mrefu. Wanne aliachana nao ndani ya majuma mawili, harakaharaka, na anasema wazi kwamba hakuifanya vizuri. Mmoja alimwambia asante akiangalia sakafu, na Mama Kimya alijua hiyo si asante. Kwa Dereva alishindwa. Alimwazia Dereva akikuta mlango umefungwa tena, safari hii na mtu mwingine ndani, akarudi ofisini kwa mkuu.

"Sikuombi mwaka, mwanangu," alimwambia. "Naomba miezi mitatu. Nina mtu nataka kumuaga."

Kijana hakuelewa. "Si umpigie simu, Mama?"

"Mtu huyu aliachwa mara moja bila kuagwa, ikamtoa barabarani. Hospitali ikimfanyia vilevile, bora tusingemgusa."

Mkuu alifungua ratiba ya chumba. Mwisho akampa hiyo miezi mitatu, kwa mgonjwa huyo mmoja peke yake, na iwe saa ya chakula cha mchana, chumba kikiwa hakina mtu. Kwa hiyo siku ya Dereva Mama Kimya hali mchana. Mumewe, ambaye amestaafu na sasa ndiye mpishi wa nyumba, analalamika kila wiki kwamba chakula anachomfungia kinarudi kilivyokwenda.

"Halafu akifika hapa nikianza kumweleza habari ya bomba linalovuja, ananiambia masikio yamejaa," mzee anasema kutoka jikoni, nyumbani kwao. "Nimemwambia na mimi niandikie vikao sita."

"Wewe nusu saa haikutoshi," mkewe anamjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anacheka.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Dereva. Mama Kimya aliogopa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilala kwa kugeukageuka, akiwaza kwamba mtu huyu atasimama na kwenda zake kama siku ya kwanza, na kwamba geti atalifungua mpaka anazeeka. Kwa kawaida hajielezi kwa wagonjwa. Mara hii alijieleza. Alitaja tarehe ya kikao cha mwisho, akasema mpango umebadilishwa na wakubwa wake, akasema si Dereva aliyekosea na si yeye aliyetaka.

Dereva alisimama. Alikwenda hadi mlangoni, akashika kitasa. Mama Kimya hakumzuia.

"Zimebaki wiki ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Kumi na moja."

Akaachia kitasa. Kisha akarudi kitini akakaa. "Afadhali wewe umesema," alimwambia, akaanza kulia, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata msibani. Alilia saa yote iliyobaki. Mama Kimya aliuma ulimi hadi mwisho.

Sasa zimebaki wiki tatu. Baada ya hapo Mama Kimya ataingia kwenye vikao sita kama wenzake hadi atakapostaafu. Amewaomba wasikilizaji wawili wapya wakae naye mara moja kwa wiki, awafundishe hata kitu kimoja tu: kwamba kikao cha mwisho, hata kiwe cha sita, kitajwe mapema na kisipitwe kimyakimya. Hana uhakika kama watapata nafasi ya kulifanya. Anasema amechoka kuwa na uhakika.

Kwa Dereva ana tumaini moja. Wagonjwa wengi hukwepa siku ya mwisho. Huugua, hupata dharura, husahau. "Huondoka wao kwanza ili wasiachwe," anasema. "Yeye natamani aje. Sitaki kingine. Aje tukae, tuagane kama watu."

Dereva alipoulizwa kuhusu siku hiyo, alikuwa getini, amevaa shati lililopigwa pasi, akisubiri lori liingie. Alisema ameshaomba ruhusa kwa bosi wake.

"Nitakwenda," alisema. "Safari hii nitakuwepo."