Wimbo wa Kujazia Pipa

Asubuhi moja niliamka Kyavinyonge, nikakunja shuka langu na kuwafuata wanawake waliokuwa wakipandisha samaki wa chumvi mlimani. Sikuwa na mpango. Nilikuwa nimetengeneza nyavu za watu pale ziwani kwa miezi minne, na vidole vyangu vilishajua kila fundo. Kazi nikishaijua, miguu inaanza kuwasha.

Ilikuwa miaka ile ya vita, nchi imekatwa vipande, kila kipande na wanajeshi wake. Mtu aliyekuwa Kinshasa alikuwa mbali nasi kuliko aliyekuwa Ulaya. Watu wengi walikaa nyumbani. Mimi niliyeacha shule mapema sikuwa na nyumba ya kukaa.

Niliingia Butembo siku ya pili, na baridi yake. Sokoni mama mmoja aliwauliza wale wauza samaki kama wanamjua mtu anayeelewa samaki. Wakanisukuma mbele.

"Unajua samaki?"

"Najua kubakausha, mama."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika kikapu chake kisianguke.

"Bangu hapana ba kukausha, mwanangu. Bako bazima, mu kioo."

Nikamfuata, kwa sababu sikuwa nimewahi kusikia kitu kama hicho.

Alikuwa mshonaji, Mprotestanti, mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Nyumba yake ilikaa kwenye mteremko, na sebuleni, karibu na mbabula, jiko la makaa, palikuwa na sanduku la kioo lenye samaki saba wadogo wekundu. Mume wake aliwaleta kutoka Kampala ndani ya bidoni, dumu la plastiki, kisha akaenda Kinshasa kwa kazi ya majuma mawili. Vita vikafunga njia nyuma yake. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Barua zake zilizunguka kwa nchi za watu, mifukoni mwa wafanyabiashara, na kila moja iliuliza habari za mama, habari za watoto, halafu habari za samaki.

"Ananiulizaka kila mara, bangali bazima?" aliniambia mama. "Siku nitamujibu hapana, atazani hata nyumba ilishakufa."

Kazi yangu ilikuwa maji. Bomba la mtaa lilishuka kutoka chemchemi ya juu, likigawanywa nyumba kwa nyumba, na maji yake yalikuwa baridi kama jiwe la alfajiri. Ukiwamwagia samaki moja kwa moja, wanalala ubavu. Kwa hiyo tuliyajaza kwanza kwenye pipa uani, yakalala juani siku mbili, ndipo tukabadilisha ndoo mbili katika kioo.

Shida ilikuwa jirani wa chini. Alikuwa seremala mzee, Mkatoliki, na jiko lake la fito na udongo lilikuwa chini kabisa ya pipa letu. Pipa halikuwa na mahali pengine, maana upande wa juu mikaratusi ilikula jua lote. Kabla yangu lilikwishafurika mara mbili, na mara ya pili mzee alipanda kwa shefu wa mtaa. Shefu akasema likifurika tena, halitajazwa tena pale.

"Donc unalinda pipa," mama alisema. "Unajua kuimba?"

Saa hakuwa nayo. Alipima pipa kwa wimbo mmoja wa kwaya wenye beti sita. Ukifungua maji na kuanza kuimba kwa mwendo wa kanisani, ukiurudia mara nne, maji yanafika shubiri moja chini ya mdomo wa pipa. Hapo unafunga. Tulijaribu pamoja, na kweli, tulipomaliza ubeti wa mwisho maji yalikuwa pale pale alipoonyesha kwa kidole.

Nilipenda sana saa ile. Kukaa kutazama pipa kungeniua, lakini wimbo unabebeka. Nilifungua maji, nikaenda nikiimba mpaka kwa fundi wa redio, nikatazama waya zake, nikaimba mpaka njia kubwa kuhesabu malori ya wanajeshi, nikarudi na mara ya nne mdomoni. Majirani waliniona nikipita wakasema nimeokoka. Kwa majuma matano hata tone moja halikumfikia seremala. Alinisalimia kwa kejeli.

"Kijana, utakuya kuwa pasta!"

"Nitakuya kukubatiza, muzee."

"Hapana na maji ya ile pipa!"

Jumapili moja asubuhi samaki walipanda juu wakipumua kwa midomo. Watoto walikuwa wamewamwagia makombo mengi ya mkate. Tulitumia maji yote yaliyolala, na mama, akiwa amevaa kitambaa cha kwaya, akaniomba nijaze pipa tena wakiwa kanisani. Mtaa mzima uliondoka, Waprotestanti upande huu, Wakatoliki upande ule. Nikafungua maji nikaanza wimbo, na miguu ikaanza nayo. Siku hiyo malori yalikuwa yakielekea kaskazini na nilitaka kujua kwa nini. Nikasimama pale njiani mpaka mwisho wa mara ya pili, nikageuka. Niliingia uani na ubeti wa tatu wa mara ya tatu, wala sikuwa nimechelewa.

Pipa lilikuwa likimwaga pande zote. Nilifunga, nikakimbia chini. Kona ya jiko la seremala ilikuwa imeporomoka juu ya sufuria ya maharage.

Nilidhani niliimba polepole kwa sababu ya malori. Lakini jambo lilinikera, nikachukua beseni na kufungua bomba tena. Likajaa kwa ubeti mmoja, na siku nyingine huwa ni mbili. Ndipo nikaelewa. Nyumba zote za bomba lile zilikuwa kanisani. Hakuna aliyekuwa akiosha wala kupika, na maji yote ya chemchemi yalikuja kwetu peke yetu. Mama hakuwahi kujua, kwa sababu saa ile kila Jumapili yeye mwenyewe alikuwa akiimba kule.

Seremala alirudi kutoka misani akasimama mbele ya jiko lake, kofia mkononi. Nilimweleza habari ya beseni. Nilimwambia pia kwamba nitatoboa pipa shubiri moja chini ya mdomo na kuweka mwanzi utakaopeleka ziada kwenye mtaro wa njia. Hata mtu akisahau, hata akiwa hajui wimbo, halitafurika.

"Ni muzuri," alisema. "Mais akili yako inakuya nyuma ya maji."

Siku tatu nilikanda udongo na kuisimamisha ile kona. Seremala alinishikia fito na kunisahihisha. Lakini shefu alishasema, na hakurudi nyuma; aliamuru pipa limwagwe siku ile ile. Mama alikaa mbele ya kioo bila kushona. Maji ya kulala yalikuwa yameisha, na samaki mmoja alikuwa ameanza kuinama.

"Wifi yangu iko Beni," alisema mwishoni. "Kule kuko joto. Wewe ndiye uliyemwaga, wewe utabapeleka."

Tulikata mdomo wa bidoni, tukaweka maji ya kioo hadi nusu na samaki ndani. Juu ya maji nililaza kipande cha jani la mgomba, kama wanawake wanavyofanya kwenye ndoo ya kichwani, maji yasiruke. Nikapanda lori juu ya magunia ya maharage, bidoni katikati ya magoti. Kwa mara ya kwanza nilisafiri bila kutazama njia. Kila shimo nililiona ndani ya bidoni.

Kwenye kizuizi mwanajeshi aliinua jani.

"Mbisi? Samaki bidogo hivi, utakula nini?"

"Hapana ya kula, chef. Ni ya mwenye iko Kinshasa."

Akawahesabu kwa kidole. "Miye pia nyumba yangu iko kule," akasema, akarudisha jani taratibu na kupiga bodi ya lori kwa kiganja.

Beni ilikuwa na joto na vumbi, na sikuwahi kulala pale. Wifi wa mama, mwanamke mnene mwenye magunia ya kakao barazani, aliinama juu ya bidoni kabla ya kunisalimia. Sita walikuwa wakiogelea. Yule aliyeinama alikuwa amelala juu, mweupe.

"Nitamwandikia kaka yangu kwamba bako bazima," alisema. "Lakini miye sijue kubalisha, sijue maji yao. Nani atabachunga?"

Nilitazama njia ya kwenda Oicha, kaskazini zaidi, niliyokuwa nimeshaitamani tangu lori liliposimama. Halafu nikamwomba pipa na msumari mnene wa kutobolea.

Alivuta magunia mawili upande wa ukuta, akanitandikia mkeka.