Hesabu Isiyo na Majina

Kuna siku moja ya wakati wa vita ambayo hunirudia kila unaponipigia simu kutoka chuo kikuu, mjukuu wangu. Juzi uliniambia unasoma namna kompyuta inavyoweza kuhesabu wagonjwa bila kumwonyesha mgonjwa hata mmoja. Nikacheka peke yangu jikoni. Kumbe jambo hili nalo lina masomo?

Tulikuwa tumerudi kijijini kwetu Lweba kutoka porini. Nilikuwa bado kijana, nimeolewa karibuni. Wanawake wengi walikuwa wamefanyiwa mabaya na watu wenye silaha, na hakuna aliyethubutu kusema, maana aliyejulikana alifukuzwa na mumewe. Dawa ilikuwa mjini Baraka, lakini wenye kuitoa walitaka kwanza kujua ni ya watu wangapi.

Mama Furaha, muuguzi wetu, akatuita wanawake wote kanisani, wazee kwa vijana. Kila mmoja alipewa punje moja ya haragi na punje moja ya hindi. Nyuma ya kitenge kilichotundikwa aliweka vyungu viwili, kimoja cheusi, kimoja chekundu.

"Mwenye kuhitaji dawa atie haragi mu chungu cheusi, hindi mu chekundu," alisema. "Asiyehitaji ageuze. Bote mutapita."

Tukapita mmoja mmoja. Nilitamani sana kujua: huyu aliyenitangulia ametia nini? Nilimtazama usoni kila aliyetoka, nisione kitu. Mwisho Mama Furaha akahesabu maharagi ya chungu cheusi, akaagiza dawa.

Kesho yake mwanaume mmoja akamfuata, sote tukisikia.

"Mama Furaha, bibi yangu iko kati ya ile bamama?"

"Sijue, papa."

"Unanificha."

"Sikufiche. Nilifanya vile kusudi hata mi nisijue."

Akaenda zake. Mkewe alibaki nyumbani kwake.

Dawa ilipofika tuliitwa wote tena. Kila mmoja aliingia kwa Mama Furaha peke yake, akatoka na kifurushi cha sabuni. Ndani ya vingine mlikuwa na vidonge pia, lakini njiani zilionekana sabuni tu. Waliyomwambia mle ndani, Mama Furaha alizikwa nayo.

Na mimi nilitia nini? Usiniulize, mwanangu. Babu yako naye hakuuliza.

Basi nisikilize. Siku utakapopewa kazi ya kukusanya habari za watu, jiulize kwanza kazi hiyo inahitaji nini hasa. Chukua hicho, kingine mwachie mwenyewe. Kuahidi kunyamaza ni vizuri, lakini mtu hutishwa, hulewa, hununuliwa. Asichokijua hakiwezi kumtoka.

Likizo uje unieleze hesabu zenu zinafanywaje, taratibu, maana nina maswali mengi. Mungu akufungue akili, akulinde barabarani, na kila atakayekuamini apate usingizi mzuri kwa sababu yako.