Mininga ya Saadi

Hapa kijijini kwetu, upande wa Mtawanya, Saadi Nurdini akiingia msituni, wezi wa magogo walibaki kwao. Yeye mwenyewe ujanani alikuwa mpasua mbao, tena bila kibali, kwa hiyo hila zao zote alizijua. Tulimchagua aongoze walinzi wa msitu wa kijiji na hatukujuta. Wezi walimvunja mkono. Ulipopona, akarudi kazini.

Makubaliano yetu yalikuwa mepesi. Msitu haulimwi, kila mwaka tunauza mininga michache kwa kibali, fedha zinabaki kijijini. Zahanati yetu ilitokana na mininga hiyo.

Kisha wizi ukazidi huko kwingine, likatoka agizo la serikali: gogo lolote lisipite barabarani, la halali au la wizi. Magogo yetu, yenye kibali na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu, yakalala kando ya njia mpaka mchwa wakayala. Saadi akaenda wilayani kuuliza. Akajibiwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nani aliyeoza, sisi? Hasira hiyo sijaimeza mpaka leo.

Katika mkutano wa kijiji, Bi Nusaiba, mwanamke asiye na makuu, alisimama.

"Kaka Saadi, twakuheshimu. Lakini mti usouzika twautunzia nini? Ufuta wapita kizuizini mchana kweupe, wala hausimamishwi."

Mikono ikanyooshwa, karibu yote. Msitu ukagawanywa mashamba ya ufuta, na Saadi, kwa heshima, akaambiwa achague kwanza. Akachagua penye mininga mikubwa. Watu wakanong'ona: kumbe naye mroho! Mvua zikaja, zikapita, hakufyeka hata kichaka. Alikuwa akienda kukaa tu.

Lakini tulishakubaliana kwamba shamba lisilolimwa hupewa mwingine. Likapewa Khalidi, mume wa binti yake Iman. Maskini, kijana aliona haya. Akamfuata mkwewe nyumbani, nami nilikuwapo barazani.

"Baba, naomba radhi yako. Nikilikataa watapewa wengine. Na wajukuu zako wataka kula."

Roho iliniuma kumtazama Saadi.

"Radhi unayo," akasema. "Mininga usihangaike kuiangusha, haiuziki. Ibambue magome kuzunguka shina, iache ikauke. Kisha iwashe upepo ukiwa umetulia, usije ukaunguza shamba la mwenzio."