Mabati Sitini ya Euphrasia

Mtu anayekutana na Euphrasia kwa mara ya kwanza njiani pale Nyegina haanzi kuuona uso wake, huanza kuuona mgongo. Huona kitenge kilichokazwa kiunoni, visigino vinavyopanda na kushuka upesi upesi, na beseni kichwani lisiloshikwa na mkono. Ndipo hushtuka kwamba ameshapitwa. Mwanamke huyu hajui kutembea polepole. Hata kwenye mazishi, wanawake wenzake wa kanisani humvuta kitenge kwa nyuma na kumnong'oneza, "Dada, tunamsindikiza marehemu, hatumkimbizi."

Haraka hiyo aliipata jikoni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule, akisonga ugali wa wanafunzi mia nne kila siku ya Mungu, na kengele ya chakula haikuwahi kumsubiri hata mara moja. Alipoachana na kazi hiyo alirudi kwenye shamba lake la muhogo, pamoja na mumewe Wenceslaus, mtu wa maneno mengi na hatua chache.

Mwezi wa sita mwaka huu, mjukuu wao Brenda, anayesoma chuo Mwanza, alipiga simu.

"Bibi, Septemba unafikisha sitini! Tunakuletea keki ya ngazi tatu."

"Ngazi tatu nipande niende wapi?"

"Basi unataka zawadi gani?"

"Bati," alijibu Euphrasia. "Sitini."

Brenda alicheka. Bibi yake hakucheka.

Ubavuni mwa zahanati ya kijiji zilisimama kuta za nyumba ya vyumba vitatu isiyo na paa. Wanakijiji walikuwa wamezijenga kwa mikono yao, ili wajawazito wanaotoka mbali, hasa wale wa kisiwa cha Rukuba, wapate pa kulala wakingojea siku zao. Mwanamke wa kisiwani hasubiri uchungu umshike ndipo atafute mtumbwi, huja mapema. Pesa zikaishia kwenye kuta. Mvua za misimu miwili zilikuwa zimeshazilamba, na fundi Maige alisema bila kuzunguka: vuli moja tena bila paa, kuta zitalala chini. Recho, mke wa Jastin, mwana wa Euphrasia anayevua samaki huko Rukuba, alikuwa amesubiri mtoto wake wa kwanza kwenye baraza ya zahanati kwa siku tisa, mvua ikimfuata mpaka ukutani. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na siku zake zilikuwa Desemba. Kila alipopita karibu na kuta zile, Euphrasia alianza kuhesabu miezi kwa vidole.

Hata hivyo, hakutaka kupita nyumba kwa nyumba na kadi ya mchango. Watu walikuwa wamechoshwa na kadi: ya harusi, ya kipaimara, ya kumuaga binti. Alitaka watu waone jasho kwanza. Akatangaza kwamba kwa heshima ya miaka yake sitini angefanya kazi mbili ngumu, na kila atakayeguswa atoe bati.

Kazi ya kwanza ilikuwa ugali. Jumapili moja ya Agosti, kwenye uwanja wa zahanati, yalipangwa majiko mawili ya mafiga na masufuria mawili makubwa. Upande mmoja alisimama Euphrasia peke yake. Upande wa pili walisimama vijana wanne wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wenye mikono iliyokomazwa na nyavu, ambao wangepokezana mwiko. Unga ulikuwa wa muhogo na mtama, na ugali wake si wa kukoroga kwa vidole viwili. Ukishakaza, unamvuta msongaji naye huuvuta, mpaka mmoja aombe amani.

Wenceslaus alishika kipaza sauti. "Ndugu zangu, huyu mama nilimwoa kwa ng'ombe wanane! Mnaona wenyewe, niliwapunja watu!"

Kijana wa kwanza alidumu, wa pili akatokwa jasho la pua, wa tatu akaanza kuutikisa mkono kama aliyeumwa na nge.

"Mama, mkono umekufa," alisema yule wa nne.

"Umekufa? Basi tutauzika. Lete bati kwanza."

Alipogeuza ugali wake kwenye sinia ulisimama kama kichuguu, nao wa vijana ukamwagika kwa haya. Watu walikula wakashiba, na mabati kumi na manne yakaandikwa majina ya wenyewe kwa chaki.

Kazi ya pili ilikuwa miguu. Aliondoka Manyamanyama, mjini Bunda, kulipopambazuka, kwenda Butiama, kwa dada yake Susana aliyeolewa huko. Alivaa raba za mjukuu na kofia ya mumewe. Waendesha bodaboda walimfuata taratibu.

"Bibi, panda! Bure kabisa!"

"Ukinipakia wewe, bati yangu inashuka."

"Basi ngoja nikusukume na pikipiki yangu, tutembee wote."

Na kweli mmoja alizima injini, akaisukuma mpaka mlima ukamshinda. Wenye maduka walitoka na maji. Walimu waliwatoa watoto wakamwimbia, na mwalimu mkuu mmoja akaahidi mabati mawili kwa niaba ya wafanyakazi wote, kisha akawageukia wenzake kuona kama wameridhia. Alilala Kiabakari kwa mama mmoja wa kanisani aliyemkanda magoti kwa mafuta ya ng'ombe, na siku ya pili, jua likiwa halijakaa sawa utosini, aliingia Butiama na kundi la watu nyuma yake, akiwa bado anawapita. Mabati yakafika hamsini.

Kumi yaliyobaki yalikuwa na mwenyewe tayari. Shemeji yake Wanzagi, mume wa Susana, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Yeye na Euphrasia hutaniana tangu siku ya mahari. Alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima: "Siku shemeji yangu akitimiza sitini, bati kumi zitatoka dukani kwangu."

Susana alimweka mdogo wake kwenye kiti, akamtumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi.

"Miguu hii hii," alisema akiisugua. "Unakumbuka tulivyokuwaga tunakimbia kwenda shule? Na wewe ulivyokuwa mdogo! Siku ya kuandikishwa, mkono haukufika kwenye sikio."

Zamani hizo mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, umri umetimia.

"Ulifika," alisema Euphrasia.

"Ulifika kwa sababu baba alikwambia ulaze kichwa. Alikuongezea mwaka. Hakutaka niende shule peke yangu njia yote ile."

Maji yalitulia ndani ya beseni. Euphrasia alianza kuhesabu, akarudia kuhesabu. Kabla hajamaliza, kicheko kiliporomoka kutoka sebuleni.

"Mwizi wa umri!" alinguruma Wanzagi, akiingia na kikombe cha chai. "Shemeji, umeniibia mchana kweupe! Hamsini na tisa!"

Jumatatu iliyofuata Euphrasia alikwenda misheni ya Nyegina. Karani wa parokia alifungua kitabu cha ubatizo chenye jalada lililochakaa, akateremsha kidole polepole, akasimama. Ilikuwa kweli. Mwaka ulioandikwa shuleni, ukaingia kwenye kazi na kwenye kitambulisho, haukuwa mwaka wake. Aliutazama mwandiko ule mwembamba, akamkumbuka baba yake aliyemwonea huruma mtoto mmoja mpaka akamkuza mwingine. Alitamani kumgombeza na kumkumbatia kwa pamoja.

Nyumbani, Wenceslaus alikuwa na ushauri mwepesi. "Nyamaza. Nani atajua?"

"Wanzagi anajua."

"Loo! Basi redio imeshatangaza."

Lakini Euphrasia hakuogopa redio hiyo. Aliogopa kuta. Akisema ukweli, watu wangeweza kuchukua vyao, na vuli ilikuwa imebakiza wiki chache. Asiposema, kila tone litakalogonga paa lile litamgonga naye kifuani. Siku nzima alipalilia muhogo uliokwisha kupaliliwa. Jioni alimwambia mumewe, "Nitasema," na akala vizuri.

Jumapili, baada ya matangazo ya misa, alisimama mbele. Mabati hamsini yalikuwa yameegemezwa nje ya kanisa, yakisubiri fundi.

"Ndugu zangu, nimewadanganya bila kujua," alianza. "Nilisema natimiza sitini. Kitabu kinasema hamsini na tisa. Mlitoa kwa ajili ya sitini. Anayetaka bati lake, liko pale nje, jina lake lipo. Sitanuna."

Kisha mzee Mugeta, mvuvi wa siku nyingi, akakohoa na kusimama.

"Mimi zangu mbili nachukua," alisema. "Jiko letu linavuja."

Watu waliangua kicheko, naye akatoka kweli, akabeba mabati yake begani, akaelekea getini. Kabla hajafika, mkewe Debora alimkimbilia, akashika ncha ya nyuma, akayazungusha mabati na Mugeta akazunguka nayo.

"Jiko ni la nani?"

"La kwako, mama Susi."

"Nimekuambia linavuja?"

"Hujaniambia."

"Basi twende."

Walirudi vile vile, mmoja mbele mmoja nyuma, wakayaegemeza yalipokuwa, na vigelegele vikapasua paa la kanisa. Hakutoka mwingine. Bibi mmoja wa karibu na madhabahu akasema kwamba yeye mwenyewe ana miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa, wa ubatizo, wa kitambulisho na wa moyoni, na hajui auchague upi.

Ndipo Wanzagi aliponyanyuka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amesafiri na mkewe kutoka Butiama makusudi ili asikose siku hiyo.

"Mimi niliapa kwa sitini," alisema. "Mbuzi haitwi ng'ombe kwa sababu ana pembe."

"Ni haki yako, shemeji," alijibu Euphrasia. "Huo mwaka uliopungua nikulipe kwa kitu gani?"

Wanzagi alitafakari, au alijifanya. "Piga kasia mpaka Rukuba. Mwenyewe. Ukifika, bati kumi siku hiyo hiyo."

Watu waliguna. Ni mwendo wa saa nyingi kwa kasia. Euphrasia alitabasamu; alizaliwa Rukuba, na baba yake aliwapa wanawe kasia kabla ya kuwapa kijiko.

"Nakubali. Lakini utasema nilivutwa na injini. Nataka shahidi ndani ya mtumbwi, na shahidi ni wewe."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Wanzagi ni mtu wa ng'ombe na milima; ziwa hulitazama kupitia dirisha la basi. Alimgeukia mkewe apate msaada, akamkuta Susana ameshapiga kigelegele cha kwanza.

Hivyo ndivyo safari ilivyopangiwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, nayo ni kesho. Vyumba viwili vimeshaezekwa. Cha tatu bado kinatazama mbingu, na tangu juzi mawingu yanarundikana upande wa ziwa kila mchana. Jastin amekuja na boti ya injini itakayofuata nyuma kwa usalama. Wanzagi alifika jana akiwa amevaa jaketi la kuokolea, na Susana anaapa kwamba amelivaa dukani tangu Jumatano, akiwahudumia wateja. Leo asubuhi walimpandisha mtumbwini kwa majaribio, kwenye maji ya magotini, akashika kingo zote mbili.

"Shemeji, unatetemeka."

"Mtumbwi ndio unaotetemeka."

"Kesho usisimame."

"Nisimame niende wapi?"

Mabati kumi ya Wanzagi yameshashushwa kando ya ukuta, bado yana kamba ya dukani. Maige ameegemeza ngazi, amejaza misumari mfukoni, na anasema hapandi mpaka simu itoke Rukuba kwamba wamefika. Simu hiyo atapiga Wanzagi mwenyewe, kama mikono itakuwa imeachia mtumbwi. Kesho, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa likiwa bado limelala, Euphrasia atatia kasia majini.