Mikono ya Mama wa Omena

Fundi wa kuchora mabango pale kituo cha Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi, alikuwa na sharti moja kwa yeyote aliyetaka kufundishwa naye: jaza daftari zima kwa kalamu ya wino, bila penseli, kisha ulete. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote. Nilichora mwezi mzima, nikampelekea daftari kifua mbele.

Alilifunua polepole, huku anatafuna mahindi ya kuchoma.

"Kwani huko kwenu Kibera kuna baridi sana?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa mbona kila mtu ameweka mikono kwa mfuko? Ona huyu pasta anahubiri, mikono kwa mfuko. Na huyu kinyozi ananyoa na nini, meno?"

Masikio yaliniwaka kwa haya. Ukweli ni kwamba mikono ilikuwa imenishinda. Vidole vyangu vilitoka kama mihogo, na wino haufutiki, kwa hiyo nikawashonea watu wote mifuko, hata akina mama waliojifunga leso.

"Enda uchore mikono pekee," akasema. "Nikiona mfuko ingine, usirudi hapa."

Nikaenda Kisumu Ndogo, huko huko Kibera, nikaketi ng'ambo ya njia kutoka kwa mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, maana mikono yake haikutulia hata dakika. Kosa langu ni kwamba sikumwomba ruhusa. Mtaani kwetu, mtu anayekaa akitazama na kuandika huonekana ametumwa kutangulia tingatinga la kubomoa nyumba. Siku ya tatu mama alivuka njia na mwenzake, akaninyang'anya daftari.

"Ni wewe unachora manyumba zetu ndio wakuje kubomoa?"

Akafunua. Mikono. Akafunua tena. Mikono. Mwenzake akachungulia, akasema, "Si hii ni yako? Ona pete." Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Mimi hasira zilinipanda, maana ni afadhali kushukiwa kuliko kuchekwa.

"Lakini umekosea," mama akasema, akaniwekea mkono wa kulia karibu na pua. "Hii kidole haikunjangi. Miaka mingi sasa. Wewe umeikunja kila mahali."

Kweli, kidole cha shahada kilikuwa kimesimama wima peke yake. Siku tatu nzima nilikitazama nisikione, nikachora kidole nilichokuwa nacho kichwani.

"Haya, chora tena," akasema akirudi kwa omena zake. "Na hizo kucha zikae safi."

Fundi alipitia daftari la pili akitafuna mahindi yake, hadi akafika kwenye mkono ulioshika mkebe wa kupimia omena. Akaacha kutafuna.

"Huyu mama aliumia aje hii kidole?"

Machozi yalinilenga. Kwa daftari la kwanza aliuliza habari za michoro yangu. Sasa alikuwa anauliza habari za mtu. Nikakiri kwamba sikuwa nimemuuliza.

"Enda umuulize," akasema. "Na kesho ukuje na nguo mzee ya kazi. Rangi ya mafuta haitokangi."