Fimbo Iliyoijua Njia ya Pwani

"Rudisha fimbo ya watu, Mfaume!" Maua alimfokea mumewe. "Tabora nzima hukuona fimbo, mpaka ukachukue kwenye kibanda cha mizimu?"

"Ya watu gani? Ni ya babu yangu!"

"Basi babu yako naye anakutaka. Vua shati tulione hilo bega."

Mfaume hakuvua. Alikijua kilichokuwa pale: sugu nene kama kisigino, ya mtu aliyebeba pembe za ndovu. Naye ni mfagiaji wa hoteli ya stesheni, hajawahi kubeba kizito kuliko ndoo.

Alasiri ile Bernardo, mnyapara wa hoteli, angempima kupiga mipira kwa fimbo. Akipiga sawasawa, atakabidhiwa meza ya biliadi, acheze na Wazungu. Akikosa, ni vyoo mpaka uzee. Tatizo mkono: ulitetema, mpira ukaenda upogo. Basi akawa analaza chupa tupu mkekani, anaingiza ncha ya fimbo yake ya kawaida mdomoni mwa chupa na kuitoa, bega limetulia, kiwiko kimetulia, unabembea mkono wa chini tu. Chupa ikagongwa, ikalia kila mara. Ndipo akaenda kwenye kibanda cha mizimu cha Kwihara kuchukua fimbo ya babu Lukumani, mpagazi aliyekwenda pwani asirudi. Wenzake walirudi na fimbo tu.

Kwa fimbo ile chupa ilinyamaza. Atakayebisha na abishe. Lakini mashariki tu, iliko pwani! Ukiielekeza magharibi, kioo kinalia. Na kila alfajiri Maua akakuta miguu ya mumewe ina vumbi jekundu, na mlango umekomewa kwa ndani. Leo hii amekuta mchanga mweupe, akaulamba: chumvi.

"Umeshafika pwani, baba. Ukiishika tena, hurudi." Maua akaikalia fimbo ya babu. "Shika yako. Elekea magharibi. Chupa isipolia, mkono ni wako."

"Na ikilia?"

"Utafagia. Mume mfagiaji namtaka. Mume mzimu wa nini?"

Mfaume akapiga magoti, akashusha pumzi. Ncha ikaingia, ikatoka. Ikaingia tena. Kimya.

"Ala!" Maua akaruka. "Sasa nenda kamwambie huyo Bernardo wako—"

Mlango ukafunguka bila hodi. Akaingia mzee, vumbi hadi magotini, kainama kama aliyelemewa, na begani hamna mzigo. Akamgeuzia Mfaume bega lenye sugu kama yake, akangoja atuliwe mzigo.

Maua alitaka kusema shikamoo. Badala yake akaiokota fimbo ya babu, akamnyooshea mwenyewe.